SOMO: HAKI YA MZAZI ALIYEACHWA PEKE YAKE

Bismillahi Rahmani Rahimi. Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad:

SUALI: Mtu wa Kawe ana babake mzee, fakiri, yuko katika makao ya wazee. Hapo hula, huvaa na hulala. Je, mwana amekwisha kutoka katika wajibu wake?

JAWABU: Hakutoka. Makao ya Serikali, kama ya Nunge huko Kigamboni na ya Welezo huko Unguja, ni ya wazee wasio na wa kuwatunza. Mwenye mwana aliye na uwezo si katika hao. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, nafaka ya mzazi fakiri ni lazima juu ya mwana aliye na ziada ya chakula chake na cha ahali zake kwa mchana na usiku wake. Nayo ni kwa kadiri ya kumtosha, hata mtumishi, akiwa hajiwezi.

Tena itazameni Surat Al-Israa, aya ya 23. Uzee wa wazazi umetajwa humo kwa neno ‘indaka, yaani kwako wewe mwana; si kwa watu.

Na hapa pana jambo la kuogopewa. Nafaka ya mke ikipita huwa deni. Ya mzazi ikipita siku yake haiwi deni, ila kwa amri ya kadhi. Kwani imewekwa kuondoa haja ya siku ile, na njaa ya jana hailishwi leo. Deni huanguka, dhambi ya kupuuza haianguki. Na upweke ni vivyo hivyo: mwana asemaye, “Nitakwenda Idi,” siku za katikati hazilipi kamwe.

Na ijulikane: mzee akikataa chakula, akikosa usingizi, akinyamaza siku nyingi na kutamani mauti, msiseme ni uzee au uchache wa imani. Huenda ni maradhi yaitwayo sonona, nayo yana dawa. Apelekwe kwa tabibu.

Ama mzee asiye na mwana, kumwondolea dhiki ni fardhi ya kifaya juu yetu sote. Basi, enyi watu wa Kawe, vukeni kwa pantoni ya Magogoni, au kwa daraja la Kigamboni lililofunguliwa mwaka 2016. Msipeleke mchele mkapiga picha mkarudi. Kaeni naye, mwulizeni khabari za ujana wake, kisha mwombeni awaombee dua, ili ajue kuwa angali anahitajiwa.

Wallahu aalam.