Hopsi za Mwisho kwa Bia Kongwe: Vidokezo 7

Mgema hatii hamira kwenye tembo, lenyewe huchacha. Bia ya hamira za porini hufuata njia hiyo hiyo, ila hukaa pipani mwaka au zaidi mpaka ikomae. Ukitaka kuiloweka hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, kabla ya kuitia chupani, zingatia haya.

1. Onja bia kwanza. Chota kidogo, nusa, onja, andika unachokipata: limau? nyasi kavu? ngozi? Hopsi zifuate harufu iliyopo. Ikinuka siki kali, ziache. Hopsi hazifichi siki.

2. Loweka hopsi changa. Watengenezaji wa lambiki, bia ya aina hii, wa bonde la mto Senne, karibu na Brussels, huchemsha hopsi zilizokaa ghalani miaka kadhaa. Uchungu wake umepungua, lakini bado zinazuia bakteria wasiotakiwa. Hizo ni za sufuriani tu, kwani hunuka jibini. Za kuloweka ziwe za mavuno ya karibuni, zimefungwa bila hewa na kutunzwa kwenye friji.

3. Kwa harufu ya upole, chagua za Ulaya. Saaz ya Ucheki na Hallertau ya Ujerumani hunukia maua, majani na viungo, wala haziifuniki bia. Kiwanda cha Cantillon cha Brussels huacha bia yake ya Iris pipani kama miaka miwili, kisha huiloweka hopsi changa wiki mbili kabla ya kuitia chupani.

4. Kwa harufu ya matunda, vuka bahari. Citra ya Marekani hukumbusha malimau na maembe. Nelson Sauvin ya New Zealand, zabibu nyeupe. Uchachu huzikoleza harufu hizi, kama ndimu inavyolikoleza papai. Jihadhari na Chinook yenye utomvu wa msonobari, na Summit inayoweza kunuka kitunguu.

5. Pima kwa mizani. Anza na gramu 2 hadi 4 kwa kila lita, yaani gramu 40 hadi 80 kwa lita 20. Zikizidi, huleta ukakasi, na ukakasi juu ya uchachu humchosha mnywaji.

6. Siku chache, hewa kidogo. Siku 3 hadi 7 zinatosha kwa hopsi za punje. Fungua chombo mara moja tu, na ukiweza tanguliza gesi ya kaboni dioksidi. Oksijeni huwapa nguvu bakteria wa siki.

7. Usikimbilie chupa. Hopsi zina vimeng'enya vinavyovunja wanga uliobaki kuwa sukari, na hamira huanza kula upya. Ukifunga mapema, gesi hujaa na chupa zinaweza kupasuka. Pima kwa haidromita, rudia baada ya siku kadhaa. Kipimo kisiposhuka, funga, tena kwa chupa nene.

Harufu ya hopsi hufifia ndani ya miezi michache, hata kama bia yenyewe inaweza kukaa miaka. Kwa hiyo inywe ingali inanukia. Na kabla ya yote, tenga lita 2 ujaribie kwanza, na ukiridhika loweka zilizobaki.