Chombo Husema, Mwalimu Husikiliza

Shule ya kijijini katika Masisi au Walikale yaweza kukosa vitabu, madawati, hata mlango. Walakini mara nyingi hakosekani mzazi mmoja mwenye simu. Basi watu huuliza: Je, chombo hicho chaweza kumfundisha mtoto? Jibu ni hili: Chaweza kumsaidia sana, lakini peke yake hakifundishi. Maana ya jibu hilo ndiyo somo la leo.

I. Vyombo vyenyewe

Redio yajulikana na wote. Kitu kipya zaidi ni podikasti, neno lililoanza kuandikwa mwaka 2004. Maana yake ni mazungumzo au somo lililonaswa na kuwekwa katika intaneti, ili kila atakaye alichukue na kulihifadhi katika simu yake. Likisha kuhifadhiwa, halihitaji tena mtandao. Laweza kunakiliwa katika kadi ndogo kama ukucha, likachukuliwa kwa miguu hata kijiji kisichofikiwa na mnara wa simu.

Redio ni kama mvua, na podikasti ni kama maji ya mtungi. Mvua hunyesha kwa saa yake. Asiyetega chombo hukosa. Maji ya mtungi huchotwa wakati wa kiu. Vivyo hivyo somo la redio likipita limepita, bali somo lililohifadhiwa husimamishwa, hurudishwa nyuma, na kusikilizwa tena kesho.

II. Yaliyokwisha kujaribiwa

Kufundisha kwa sauti si jambo la jana. Katika miaka ya 1970 watoto wa Nicaragua walifundishwa hesabu kwa redio. Sauti iliuliza swali, kisha ikanyamaza kidogo. Watoto wakajibu wote kwa kinywa, mwalimu akiwa kati yao. Halafu sauti ikatoa jibu sahihi. Njia hiyo ilifika Zanzibar, ambako kuanzia mwaka 2006 watoto wadogo walifundishwa kwa vipindi vya Kiswahili vilivyoitwa "Tucheze Tujifunze". Katika Kongo pia mpango wa PAQUED, tangu 2009 hata 2014, ulitumia masomo ya redio katika Equateur, Bandundu na Orientale.

Kisha Machi 2020 shule zote za Kongo zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na madarasa mengi hayakurudi hata tarehe 12 Oktoba. Radio Okapi, iliyoanza kusikika mwaka 2002, ikarusha masomo ya watoto katika kipindi kiitwacho Okapi École. Ilikuwa faida kubwa. Lakini mtoto aliyeketi peke yake na redio, asipofahamu neno, hakuwa na wa kumwuliza. Redio haikuweza kuuona uso wake.

III. Mfano

Tangu elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bure mwaka 2019, madarasa mengi yamejaa. Yafaa basi kumfikiri mwalimu wa darasa la pili mwenye watoto wengi na simu moja tu.

Siku ya kwanza aliweka simu mezani, akaiwasha, akaketi kusahihisha madaftari. Mvua ikaanza kupiga juu ya mabati. Watoto wa mbele walisikia nusu, wa nyuma hawakusikia neno, wakaanza kusukumana. Kipindi kilipokwisha akauliza, "Mmejifunza nini?" Kimya.

Siku ya pili alifanya vingine. Jioni alikuwa amesikiliza somo mwenyewe, akachagua maneno matatu magumu. Asubuhi akayaandika ubaoni. Akaweka spika ndogo katikati, watoto wakaizunguka kwa makundi. Kila baada ya dakika mbili alisimamisha sauti na kuuliza. Mmoja akajibu kwa Kiswahili. Mwingine akamweleza mwenzake kwa Kihunde. Waliokosea walirudishiwa sauti, wakasikiliza tena. Somo la dakika kumi likachukua karibu saa nzima, wala hakuna aliyesinzia.

Simu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mwalimu.

IV. Mambo ya kushika

1. Mwalimu na asikilize kwanza peke yake. Asilolifahamu yeye hawezi kuliuliza.

2. Sauti isiendelee bila kusimama. Baada ya kila sehemu fupi watoto waulizwe, warudie, wachore au wahesabu kwa mawe.

3. Betri itunzwe. Paneli ya jua hutosha kwa simu, lakini katika msitu wa Walikale mawingu ni mengi. Simu ijazwe siku ya jua, isimalizwe kwa nyimbo.

4. Ziwepo kadi mbili zenye masomo yale yale, zikae kwa watu wawili. Kadi moja ikipotea au kulowa, darasa lisife nayo.

5. Kila sauti ipimwe. Katika nchi ya vita, simu hupeleka pia uvumi na maneno ya chuki. Watoto wazoezwe kuuliza: Nani asema? Alisema lini? Alijuaje? Sauti isiyo na mwenyewe isipelekwe kwa mwingine.

6. Majina ya watoto na ya vijiji vyao yasinaswe katika simu, maana simu yaweza kunyang'anywa njiani.

V. Kilichomo ndani ya simu

Yafaa mtoto wa Masisi na Walikale ajue kwamba huenda chombo hicho kina udongo wa kwao. Koltani ya Rubaya, katika Masisi, hutoa madini ya tantali, ambayo hutengenezewa vipande vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu. Yakadiriwa kwamba Rubaya imetoa kama sehemu 15 kwa mia za tantali ya dunia nzima. Bisie, katika Walikale, hutoa mawe ya bati, na bati huunganisha vipande vya ndani visiachane. Basi kijana achimbaye shimoni asipate kusoma, ameipa dunia chombo cha kusikia, naye hasikii. Jambo hilo si la haki, wala lisionwe kuwa desturi. Kumrudisha darasani ni kumpa sehemu yake.

VI. Shule ikikimbia

Wapiganaji wa M23 waliingia Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, Masisi-Centre Januari 2025, na Walikale-Centre Machi 2025. Katika mapigano ya miaka hiyo jamaa nyingi zilikimbia, zikiacha mashamba, ng'ombe na madaftari. Mtoto aliyekimbia mara mbili au tatu hupoteza mwaka wa shule bila kosa lake.

Ubao haubebeki kichwani pamoja na godoro na sufuria. Kadi yenye masomo hufungwa katika pindo la kitenge. Hapo ndipo chombo hiki kidogo kina thamani kuu. Lakini kadi ikifika salama, nani atafundisha? Mama asiyejua kusoma aweza kuanza. Na awashe sauti, aisimamishe, amwulize mtoto: "Umesikia nini?" Halafu: "Nionyeshe." Si lazima ajue jibu; sauti italitoa baadaye. Hata wakatekumeni wengi wa zamani walijifunza hivyo, kwa kusikia na kurudia mbele ya mtu aliyewasikiliza kwa subira.

Chombo husema. Kusikiliza ni kazi ya mtu.

Maswali

1. Redio na podikasti zatofautianaje?
2. Kwa nini watoto wa mwalimu yule walinyamaza siku ya kwanza?
3. Kabla ya kupeleka sauti kwa mwingine, yafaa kuuliza nini?
4. Asiyejua kusoma amsaidieje mtoto kwa simu?

Azimio: Wiki hii kila mwenye simu amtafute mtoto mmoja asiyefika shuleni, amwazime robo saa ya sauti na robo saa ya masikio yake mwenyewe.