Mwalimu, Usikae na Somo Gumu Peke Yako

Haya, wadogo zangu walimu, leo zamu yenu. Najua kuna mliopangiwa shule ambako hisabati ni wewe tu, kuanzia darasa la tano hadi la saba. Watoto wakigoma kuelewa sehemu, unamuuliza nani?

Anzia hapo hapo shuleni. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, imeweka jumuiya za ujifunzaji ili walimu mkutane na kusaidiana. Tatizo, mahali pengine kikao kinaishia kusaini mahudhurio. Wewe nenda na madaftari matatu ya watoto waliokosea swali lile lile, kisha uliza: "Jamani, hawa wamepotelea wapi?" Hata mwalimu wa Kiswahili ana la kukwambia. Huenda hesabu wanaijua, ila lugha ya swali ndiyo imewashinda.

Halafu mwombe mwenzako mmoja unayemwamini akae nyuma ya darasa lako. Najua roho itadunda, maana tumezoea kukaguliwa. Basi mpe kazi moja tu ya kutazama: nani hajanyoosha mkono kipindi kizima?

Sasa tuje kwenye simu. Na vile vishikwambi vya sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu, mdogo wangu, visiwe vya tamthilia tu! Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada. Ukipata bando, pitia huko. Tafuta walimu wa somo lako katika kata, hata wanne wanatosha, mfungue kundi la WhatsApp la kazi tu: andalio la somo, picha ya zana uliyotengeneza kwa vizibo vya soda, swali lililokutoa jasho. Michango ya harusi itafutiwe kundi lake. Mtandao ukisumbua, tuma sauti fupi badala ya video. Na sura za wanafunzi, majina na alama zao visiingie humo kamwe.

La mwisho, usiwe mtu wa kupakua tu. Anayechota maandalio ya wenzake kila wiki bila kurudisha chochote, siku akiuliza watu hukaa kimya. Huna cha kutoa? Toa somo lililokugomea wiki hii, ueleze ulipokwama. Kata ya jirani yupo aliyekwama hapo hapo, anaona aibu kuuliza.