Chanjo ya Mafua Haitengenezwi Siku ya Msiba

Watu wengi huyahesabu mafua kuwa ugonjwa mdogo: pua hutiririka, kichwa huuma, na baada ya siku chache mtu hurudi shambani au ofisini. Lakini influenza si mafua hayo. Ni homa kali inayovunja viungo, nayo huwaua hasa wazee, watoto wadogo na wenye maradhi ya moyo au ya mapafu. Mwaka 1918 na 1919 iliizunguka dunia nzima, Afrika Mashariki ikiwamo, ikaua watu makumi ya milioni. Yatupasa basi kujua chanjo yake hutengenezwaje, na kwa nini mataifa kadhaa yametaka kujitengenezea yenyewe.

Virusi vya influenza hubadilika mwaka hata mwaka, hivyo chanjo ya mwaka jana huenda isifae mwaka huu. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani hutangaza mara mbili kila mwaka, Februari na Septemba, aina za virusi zinazofaa kutumika katika chanjo ijayo. Tangazo la kwanza ni kwa nchi za kaskazini ya dunia, la pili kwa nchi za kusini. Hapo viwanda huanza kazi.

Njia kongwe, ambayo hata leo ndiyo itumikayo zaidi, ni ya mayai ya kuku. Si mayai ya sokoni, bali mayai ya siku kumi hivi, ambayo kifaranga kimekwisha anza kukua ndani yake. Virusi hutiwa katika yai kwa sindano, na yai huwekwa mahali pa joto siku mbili tatu ili virusi viongezeke. Kisha maji ya yai hutolewa, virusi huuawa kwa dawa, husafishwa, hupimwa, na chanjo hutiwa katika chupa. Kwa makadirio ya kawaida yai moja hutoa dozi moja hivi. Tangu virusi kuchaguliwa hadi chanjo kuwa tayari hupita miezi sita hivi. Tena kuku hawatagi kwa amri. Mayai lazima yaagizwe mapema.

Mambo ya mwaka 2009 yatufundishe. Mwezi wa Juni mwaka huo ilitangazwa kwamba aina mpya ya influenza imeenea duniani. Nchi tajiri zilikuwa zimekwisha kufanya mapatano na wenye viwanda, zikachukua sehemu kubwa ya chanjo. Nchi maskini zilingoja misaada. Dozi milioni 78 hivi ziligawiwa nchi 77, lakini nyingi zilifika mwaka 2010, na mahali pengi wimbi kubwa la ugonjwa lilikuwa limekwisha kupita. Hatuwalaumu waliotoa. Lakini mtegemea cha ndugu hufa maskini.

Nchi ya Vietnam, iliyopigwa vikali na homa ya mafua ya ndege tangu mwisho wa mwaka 2003, ilichagua njia nyingine. Taasisi ya serikali iitwayo IVAC, katika mji wa Nha Trang, ilisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na wafadhili wengine kujenga kiwanda na kufundisha mafundi. Chanjo yake ya mafua ya kila mwaka ilipata kibali mwaka 2019, baada ya kazi ya zaidi ya miaka kumi.

Sasa tufike kwenye kiini cha somo hili. Kiwanda kinachongoja janga hufa kabla ya janga kufika. Mitambo hushika kutu, mafundi huenda kutafuta riziki kwingine, na kuku lazima walishwe kila siku. Kiwanda huishi tu ikiwa chanjo ya kawaida hununuliwa kila mwaka, hata katika miaka ya amani.

Jambo hili latuhusu sisi Waafrika. Mwaka 2021 Umoja wa Afrika uliazimia kwamba ifikapo mwaka 2040 bara hili lijitengenezee asilimia 60 ya chanjo linazozihitaji, hali wakati ule lilijitengenezea chini ya asilimia 1. Kwamba yawezekana, twaona huko Dakar, ambako Taasisi ya Pasteur imetengeneza chanjo ya homa ya manjano kwa miaka mingi. Lakini kujenga kuta na kukata utepe ni sehemu nyepesi. Serikali zitakuwa tayari kununua chanjo ya nyumbani, hata kama mwanzoni bei yake yazidi ile ya ng'ambo? Na sisi wazazi, je, tutawapeleka wazee wetu, mama wajawazito na watoto wachanga waliotimiza miezi sita, ambao Shirika la Afya Duniani lawahesabu miongoni mwa wanaostahili kutangulizwa?

Asiyetaka chanjo mwaka wa afya asishangae kuikosa mwaka wa msiba. Kiwanda cha taifa hujengwa kwa fedha, lakini hudumishwa na watu wanaokitumia.