Ubao Shirikishi wa Mtandaoni katika Ufundishaji wa Sarufi ya Kiswahili: Mfano wa Upatanisho wa Nomino Zenye Uhai

1.0 UTANGULIZI

Makala haya yanachunguza nafasi ya ubao shirikishi wa mtandaoni katika ufundishaji wa sarufi ya Kiswahili chuoni. Kwa ubao shirikishi tuna maana ya ukurasa mmoja wa mtandaoni ambao wanafunzi wa darasa zima huufungua kwa simu au kompyuta, wakabandika humo kadi zenye maandishi, picha au sauti, na kuzisoma za wenzao papo hapo. Padlet, ambayo hapo mwanzo iliitwa Wallwisher, ni mfano unaofahamika na walimu wengi. Hoja yetu ya msingi ni kwamba ubao huu haufundishi kwa kukusanya mawazo. Unafundisha pale tu ambapo kazi iliyotolewa inamlazimu kila mwanafunzi kulijibu wazo la mwenzake kwa ushahidi.

2.0 CHIMBUKO LA DHANA

Mwaka 1978, Ward Christensen na Randy Suess walianzisha jijini Chicago mfumo wa kompyuta uliopokea ujumbe kupitia waya wa simu, wakauita kwa kuufananisha na ubao wa matangazo. Katika ubao wa aina hiyo mtu hubandika lake na kwenda zake. Katika miaka ya 1980, Marlene Scardamalia na Carl Bereiter, huko Toronto, walijenga mfumo wa darasani uitwao CSILE, ambamo wanafunzi waliandika maelezo katika hazina moja na kuyaendeleza ya wenzao. Hapo ndipo tofauti ilipo: tangazo halidai jibu, ilhali hoja hulidai.

Kwa wanajamii wa Kiswahili jambo hili si geni. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa tungo na washairi wa Lamu katika karne ya 19, na gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa mwaka 1923, lilikuwa uwanja wa washairi kuulizana na kujibizana. Kwa kawaida, mjibuji hakuipita kando hoja ya mwenzake. Aliishika, mara nyingi kwa bahari ile ile, kisha akaipangua. Nidhamu hiyo ndiyo inayokosekana katika mbao nyingi za darasani.

3.0 MFANO WA SOMO

Wanafunzi wengi huja chuoni na kanuni moja waliyoikariri: nomino zenye uhai hupatana na viambishi vya ngeli ya A-WA. Tazama sentensi zifuatazo:

(a) Mbwa wangu amefika.
(b) Rafiki yangu amefika.
(c) Rafiki zangu wamefika.
(d) Kijana wangu amelala.
(e) Kitoto changu kimelala.

Katika (a) na (d) kanuni inatosha. Katika (b) na (c) kitenzi kinafuata maana, lakini kimilikishi kinafuata umbo la nomino. Katika (e) umbo la udogo limeshinda uhai kabisa. Mwalimu angeweza kuyaeleza haya kwa dakika 10, na wanafunzi wakayanakili. Tunapendekeza njia ndefu zaidi, yenye hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kuandika bila kuonana. Kila mwanafunzi huleta sentensi mbili alizozisikia au kuzisoma, akitaja mahali, tarehe na aina ya msemaji bila kumtaja jina. Mwalimu huuwekea ubao sharti kwamba kadi isionekane kabla hajaiidhinisha. Sharti hili ni la lazima. Ubao ukiwa wazi tangu mwanzo, kadi mbili za kwanza huwa mwongozo wa zinazofuata, na darasa la watu 60 likatoa mawazo ya watu wawili.

Hatua ya pili ni kufungua na kupanga. Kadi zote hufunguliwa kwa pamoja, na vikundi huzipanga katika safu kwa kigezo wanachokichagua wenyewe. Wapo watakaopanga kwa ngeli, wengine kwa maana. Mgongano wa vigezo hivyo ni sehemu ya somo.

Hatua ya tatu ni kujibu. Kila mwanafunzi huchagua kadi moja inayopingana na maelezo yake, akaijibu kwa mfano mwingine, kisha akaiandika upya kanuni yake. Tuseme kuna kadi yenye "rafiki wangu". Mwanafunzi haruhusiwi kuandika "kosa" akaishia hapo, kwa kuwa kosa si maelezo. Hana budi kuonyesha iwapo msemaji amesawazisha kimilikishi kwa mfano wa "mbwa wangu", na kama msemaji huyo huyo husema pia "mama wangu". Mwalimu hasahihishi lolote mpaka hatua hii imalizike.

4.0 BAADHI YA MATATIZO

Tatizo la kwanza ni jina la mwandishi wa kadi. Kadi isiyo na jina humpa nafasi mwanafunzi mnyamavu, hasa yule anayeona haya kwa kuwa lahaja yake si ile ya vitabuni. Lakini kutokujulikana huko huko humficha pia mwenye kudhihaki. Njia ya kati ni namba ya siri inayojulikana na mwalimu peke yake.

Pili ni gharama. Si kila mwanafunzi ana simu ya kufaa au bando la kutosha. Vikundi vya watu wanne vinaweza kutumia simu moja. Ikishindikana, vipande vya karatasi vilivyokusanywa kwanza na kubandikwa ukutani kwa pamoja vitazihifadhi hatua zote tatu. Kitakachopungua ni wepesi wa kutafuta, kupanga upya na kuongeza mifano baada ya kipindi.

Tatu ni uhifadhi. Google ilifunga huduma yake ya Jamboard mwishoni mwa 2024. Data ya lugha iliyokusanywa na wanafunzi ni mali ya kitaaluma. Mwalimu aipakue kila muhula, asiiache mikononi mwa kampuni.

5.0 HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba thamani ya ubao shirikishi haimo katika wingi wa kadi, bali katika mpangilio wa kazi: kuandika kwa siri, kufungua kwa pamoja, kujibu kwa ushahidi. Mwanafunzi aliyeikariri kanuni ya A-WA huijua kanuni. Aliyelazimika kuitetea mbele ya "kitoto changu kimelala" huijua mipaka yake, na taaluma ya isimu huanzia hapo. Inafaa hatua hizi zijaribiwe pia katika mada nyingine zenye utata, kwa mfano upatanisho wa nomino za mkopo. Hata neno "makala" lenyewe, ambalo wengine huliandikia "hii" na wengine "haya", lingetosha kwa kipindi kizima.