GARI LA KIKUNDI LIMESHIKWA KWA MWENDO WA KASI: TULIPE AU TUKATAE?

Vikundi vingi siku hizi vimepiga hatua. Wengine wamenunua pikapu ya kubeba maziwa, wengine pikipiki ya kupeleka mboga sokoni. Hiyo ni maendeleo. Lakini gari likishaingia barabarani, matatizo ya barabarani nayo yanaingia katika mkutano. Somo letu leo ni hili: dereva wenu ameshikwa, ameambiwa alikuwa anaendesha kwa kasi. Je, akubali kosa alipe faini, au akatae aende kusikilizwa kortini?

Someni somo hili pamoja, polepole. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Mkifika kwenye maswali, simameni mjadiliane.

HADITHI YA KWANZA: PIKAPU YA MAZIWA

Kulikuwa na kikundi cha akina mama 24. Kila mmoja alitoa shilingi 50 kwa wiki, yaani shilingi 1,200 kwa wiki. Walikuwa na pikapu ya kupeleka maziwa kwenye kiwanda. Asubuhi moja dereva alisimamishwa akipita katikati ya soko. Askari wa trafiki alimwonyesha mashine: kilomita 68 kwa saa, mahali ambapo mwisho ni 50. Akaandikiwa karatasi ya kwenda kortini Alhamisi.

Jioni mkutano uliitwa. Mweka hazina alikuwa amepiga hesabu. Alisikia faini inaweza kufika shilingi 10,000. Hizo ni michango ya zaidi ya wiki 8! Akina mama wakapiga kelele. "Tukatae! Aende aseme mashine ni mbovu." Mwingine akasema, "Afadhali angempa yule askari kitu kidogo yakaisha hapo hapo."

Mama mmoja mzee akauliza swali moja tu: "Kijana wetu, tuambie ukweli. Ulikuwa unakimbia ama hukuwa unakimbia?"

Dereva akainamisha kichwa. "Mama, nilikuwa nakimbia. Maziwa yalikuwa yamechelewa. Mlango wa kiwanda ulikuwa karibu kufungwa, na siku ile nyingine mlinikata pesa kwa maziwa yaliyoharibika."

Wote wakanyamaza. Waliona kwamba kosa halikuwa la dereva peke yake.

SHERIA INASEMA NINI?

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya Sheria za Kenya, inasema mwendo katika soko, mji mdogo au jiji usizidi kilomita 50 kwa saa. Matatu, mabasi na magari ya biashara yana mwisho wake wa kilomita 80 kwa saa barabarani. Ndiyo sababu yanafungwa kidhibiti mwendo, mambo yaliyoanza kwa nguvu mwaka wa 2004 chini ya zile kanuni ambazo watu huziita za Michuki.

Mwaka wa 2016 zilitoka kanuni za makosa madogo ya trafiki. Zilipanga faini kwa ngazi, kufuatana na ulivyozidisha mwendo:

- Kuzidisha kilomita 1 hadi 5: onyo.
- Kilomita 6 hadi 10: shilingi 500.
- Kilomita 11 hadi 15: shilingi 3,000.
- Kilomita 16 hadi 20: shilingi 10,000.

Dereva wetu alizidisha kilomita 18, kwa hivyo mweka hazina hakukosea hesabu. Lakini sheria hubadilishwa. Kabla ya kulipa, ulizeni karani wa korti kiwango cha wakati huo.

KWA NINI 50 NA SI 68?

Wengine husema serikali inatafuta pesa tu. Hebu tupige hesabu sisi wenyewe. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto akiruka barabarani, dereva huchukua kama sekunde moja kabla mguu haujakanyaga breki. Kisha gari huteleza kabla ya kusimama. Kwa barabara kavu na breki nzuri, litasimama baada ya mita 28 hivi. Kwa kilomita 68, litahitaji kama mita 44. Na pikapu iliyojaa mitungi ya maziwa huhitaji zaidi.

Sasa tuone faida ya ile haraka. Ikiwa soko lina urefu wa kilomita 2, dereva aliokoa sekunde 38 tu. Sekunde 38! Hata chai haijapoa. Haraka haraka haina baraka.

PALE BARABARANI: MAMBO YA KUFANYA

Kabla ya kufikiria kukubali au kukataa, mwanzo wa kesi ni pale unaposimamishwa.

1. Simama vizuri, salimu kwa heshima. Usitukane, usibishane. Kesi haiamuliwi kando ya barabara.

2. Uliza kwa upole: "Afande, mwendo ulipimwa vipi? Naomba kuona mashine." Ukionyeshwa, kumbuka namba uliyoiona.

3. Andika upesi: mahali, saa, mwendo uliotajwa, hali ya barabara, kama kulikuwa na kibao, na nani alikuwa na wewe garini.

4. Usitoe kitu kidogo. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamshika anayetoa na anayepokea. Tena pesa hiyo haina risiti. Mweka hazina ataiandika wapi kitabuni? Na kesho utasimamishwa tena, maana sasa unajulikana.

5. Ukipelekwa kituoni, jua haki zako. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 49, inasema uambiwe sababu ya kushikwa kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kunyamaza. Mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6. Bondi ya polisi haiuzwi. Ukitoa pesa ya dhamana, dai risiti, kwa sababu pesa hiyo hurudishwa kesi ikiisha ikiwa ulifika kortini kila ulipotakiwa.

HADITHI YA PILI: PIKIPIKI YA VIJANA

Kikundi kingine kilikuwa na pikipiki. Kijana wao alisimamishwa akitoka sokoni. Askari alikuwa peke yake na hakuwa na mashine. Alisema tu, "Nimekuona ukija mbio sana." Kijana alikuwa amebeba trei za mayai, na kila mtu anayebeba mayai anajua jinsi ya kwenda. Abiria wake pia alikuwa shahidi.

Vijana walikutana. Wengine walisema, "Alipe tu, tumalize." Lakini katibu alikuwa ameuliza msaidizi wa kisheria wa pale lokesheni, akaambiwa jambo moja la maana: sheria yetu haikubali mtu ahukumiwe kwa mwendo wa kasi kwa maoni ya shahidi mmoja peke yake, yaani kusema tu kwamba kwa macho yake aliona gari linakimbia. Lazima kuwe na kitu kingine cha kuunga mkono, kama kipimo.

Kijana akakataa kosa. Alienda kortini mara tatu. Alipoteza siku tatu za kazi na nauli. Mwishowe hakimu alimwachilia. Hatusemi ilikuwa rahisi. Tunasema alikuwa na ukweli, na ukweli huo ulikuwa na shahidi.

LINI KUKUBALI, LINI KUKATAA

Kubali ikiwa:
- dereva mwenyewe anajua alizidisha mwendo;
- kipimo kilionyeshwa na hamna sababu ya kweli ya kukitilia shaka;
- mnachotafuta ni kuponyoka tu, si haki.

Kukubali pia kuna heshima yake. Korti haipotezi wakati, na mwenye kosa anaweza kuomba hakimu amhurumie: ni mara ya kwanza, hakuna aliyeumia, ana jamaa wanaomtegemea.

Kataa ikiwa:
- dereva hakuwa anakimbia na anaweza kueleza kwa nini;
- hakuna kipimo, ni maneno ya mtu mmoja tu;
- gari lililopimwa si lenu, au mahali palipoandikwa sipo;
- karatasi ya mashtaka inasema mambo ambayo hayakutokea.

Na ikiwa kibao cha mwendo hakikuwepo? Mweleze hakimu na ulete shahidi. Lakini msitegemee jambo hilo peke yake, kwa sababu dereva anatazamiwa kujua kwamba sokoni ni 50.

Msikatae kwa hasira, wala msikubali kwa woga. Njia ya mwongo ni fupi. Dereva akidanganya kortini, ataulizwa maswali mpaka miguu imtetemeke.

KORTINI MAMBO HUENDAJE?

Mashtaka husomwa kwa lugha unayoielewa. Kama hujui Kiingereza, sema. Mkalimani ni haki yako bila malipo. Kisha utaulizwa: ni kweli au si kweli?

Hapa wengi hukosea. Husema "ni kweli" ili waende nyumbani mapema, kisha wakifika nje wanalia wameonewa. Jueni hili: ukikubali kosa mwenyewe, huwezi tena kukata rufani kusema hukufanya. Unaweza tu kulalamika juu ya adhabu. Ukisema "ni kweli, lakini sikuwa nakimbia," hakimu mwema ataandika kwamba umekataa, maana huko si kukubali.

Ukikataa, utapewa siku ya kusikilizwa. Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema unahesabiwa huna hatia mpaka ithibitishwe, upewe wakati wa kujitayarisha, na uonyeshwe mapema ushahidi wa upande wa mashtaka. Kwa hivyo omba taarifa za mashahidi na kipimo chenyewe. Siku ikifika, uliza maswali mafupi: Ulisimama wapi? Mashine ilipima gari gani? Kulikuwa na magari mengine? Kisha lete mashahidi wako.

Usikose siku ya korti hata moja. Ukikosa, hati ya kukushika hutolewa na pesa ya dhamana inaweza kupotea. Ukishindwa na huridhiki, rufani ni ndani ya siku 14.

Faini hulipwa kwa njia iliyowekwa na korti, nawe upate risiti. Usimpe mtu yeyote mkononi eti akulipie.

NANI ALIPE?

Turudi kwa wale akina mama. Dereva alikubali kosa kortini, akaomba kupunguziwa, faini ikalipwa, risiti ikasomwa mkutanoni. Waligawana mzigo: nusu dereva kwa sababu mguu ulikuwa wake, nusu kikundi kwa sababu haraka ilikuwa yao. Wakaandika kanuni mpya: maziwa yote yafike kituoni saa 12 na nusu asubuhi. Atakayechelewa, gari halimngoji. Na dereva hakatwi pesa kwa kuchelewa kusikokuwa kwake.

Kwa maoni yetu, hiyo kanuni ya saa ilikuwa na thamani kuliko faini yote waliyolipa. Kulipa kunamaliza kesi. Kubadilisha saa kunamaliza kosa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, dereva wetu ana sababu gani za kukimbia? Ni zipi tunazozileta sisi wenyewe?

2. Katika kikundi chetu, nani hulipa faini? Imeandikwa, au tunangoja siku ya ugomvi?

3. Kama yule kijana wa mayai angekuwa wetu, tungekuwa tayari kumlipia nauli ya mara tatu?

4. Mkutanoni, je, dereva anaweza kusema ukweli bila kuogopa kufukuzwa?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Mchague watu wawili. Mmoja aende kwa msaidizi wa kisheria au karani wa korti aulize viwango vya faini vya sasa. Mwingine apande gari na dereva safari moja nzima, atazame saa, aandike mahali ambapo haraka inaanzia. Walete habari mkutanoni, kisha mwandike kanuni yenu.

Gari ni lenu, jasho ni lenu, na watoto wanaovuka barabara pale sokoni pia ni wenu. Mwende salama.