INJINI NDOGO HAITAKI PUPA
(Namna ya kuwasha na kurekebisha injini ya ndege ya mfano)

Wahenga walinena kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Methali hiyo niliikariri tangu shule ya msingi, hata nikaitungia sentensi katika mtihani na kupewa alama zote. Lakini maana yake sikuijua sawasawa hadi siku nilipoiunguza injini ya mjomba wangu, injini inayotoshea kwenye kiganja cha mkono. Leo nataka niwaeleze namna ya kuiwasha na kuirekebisha injini ya aina hiyo, ili yaliyonifika mimi yasiwafike ninyi.

Injini hii ni ya ndege ya mfano, yaani ndege ndogo isiyobeba mtu. Ujazo wake ni sentimita 6.5 za mchemraba tu, ilhali pikipiki nyingi za bodaboda zina 100 au 125. Usiidharau lakini! Mbele yake hufungwa rafadha, ambayo mafundi huiita propela, yenye urefu wa inchi 10, na huizungusha zaidi ya mara 10,000 kwa dakika moja. Kwa mwendo huo kidole chako ni kama ndizi mbivu mbele ya panga.

Jambo la ajabu ni kwamba haina umeme wa kutoa cheche. Plagi yake, iitwayo plagi ya glo, ina kijiwaya kilichosokotwa chenye platinamu. Unakipasha moto kwa betri ya volti 1.5 mpaka kiwe chekundu, kisha unaiwasha injini. Ikishanguruma, unaiondoa betri na injini inaendelea! Kwani nini kinaendelea kuiwasha? Ni joto la mlipuko uliotangulia, pamoja na platinamu yenyewe, ambayo ni kichocheo: methanoli inapoigusa, joto huzidi kutokea. Hayo ndiyo yale tuliyosoma katika Kemia tukadhani ni ya mtihani tu. Plagi za namna hii ziliingia sokoni Marekani mwaka 1947 kwa juhudi za fundi aliyeitwa Ray Arden. Kabla ya hapo ndege za mfano zilibeba betri na koili, mzigo mzito kwa ndege ndogo.

MAFUTA NA HATARI YAKE

Usitie petroli, haitawaka. Mafuta yake ni methanoli, kiasi cha asilimia 70 hadi 80, na mafuta ya kulainisha karibu asilimia 20, hasa ya mbarika. Wengine huongeza nitromethani kidogo ili injini itulie inapozunguka polepole. Katika injini hii hakuna oili iliyowekwa kando kama kwenye gari. Oili yote huingia pamoja na mafuta. Tafadhali likumbukeni jambo hilo, maana ndilo lililonifunga kamba baadaye.

Methanoli ni sumu. Wakenya tunaijua kwa machozi. Novemba mwaka 2000, huko Mukuru, Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa na wengine wakapofuka baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Kwa hivyo mkebe wake uandikwe SUMU kwa herufi kubwa, usiwekwe jikoni kamwe, wala usitumie chupa ya soda. Tena moto wake hauonekani vizuri mchana. Waweza kuungua huku hujui unaunguzwa na nini. Usimimine mafuta karibu na moto wala injini ikiwa bado ina joto.

HATUA ZA KUIWASHA

Kwanza, ifunge injini kwa skrubu na nati kwenye ubao mzito, na ubao uubane mezani. Usiishike mkononi hata kwa sekunde. Tangi liwe nyuma yake, usawa mmoja na kabureta au chini kidogo.

Pili, ifunge sindano ya kabureta kwa kuizungusha kulia, polepole, hadi ikome. Usiikaze. Halafu ifungue mizunguko miwili, au kama karatasi ya injini yako inavyosema. Sindano hii ndiyo bomba la maji la injini: ukifungua, mafuta huongezeka, na ukifunga, hupungua.

Tatu, kabla ya kuweka betri, fungua mlango wa hewa wa kabureta wote, uzibe kwa kidole, na uzungushe rafadha kwa mkono mara mbili au tatu. Utayaona mafuta yakitambaa kwenye mpira mpaka kabureta. Inatosha. Ukizidisha, silinda itajaa maji maji na rafadha itagoma. Usiilazimishe, kwa sababu mafuta hayabanwi kama hewa na waweza kupinda mkono wa pistoni. Ondoa plagi, uigeuze injini, uyamwage.

Nne, rudisha mlango wa hewa uwe wazi kama robo. Unganisha betri, kisha piga rafadha kwa kijiti kilichovikwa mpira. Nasema kijiti, si kidole! Simama nyuma ya rafadha, na watazamaji wasikae mbele wala ubavuni mwake, kwani ikikatika vipande hurukia huko. Tai, mikono mirefu ya sweta na kamba za kofia, weka mbali.

Tano, ikishawaka iache ipate joto kidogo, kisha ondoa betri ukiwa nyuma yake.

YALIYONIPATA

Mjomba hufanya kazi Mombasa. Alipokuja kwetu Nakuru likizo ya Disemba, alinikabidhi injini yake na kuniambia, "Mpwa wangu, hii ni amana." Sindano alikuwa ameirekebisha kwao pwani, akaitia alama ya rangi nyekundu. Akarudi kazini.

Jumamosi moja niliwaita wenzangu watatu wa klabu tukaifunga nyuma ya nyumba. Nikafuata alama ya mjomba bila kukosea. Iliwaka, lakini iliguna na kukohoa, moshi mzito, mafuta yanatapakaa hadi ukutani. Nikiondoa tu betri, inazimika. Mara nne!

Nilidhani imeharibika. Kumbe kosa ni la mlima! Mombasa iko usawa wa bahari, ilhali Nakuru iko karibu mita 1,850 juu yake. Huku kwetu hewa ni nyepesi, imepungua kwa zaidi ya asilimia 15. Mafuta yaliyotosha hewa ya Mombasa yanazidi kwa hewa ya Nakuru. Injini ilikuwa imeshiba kupita kiasi, na mafuta ya ziada yalikuwa yanaipoza plagi.

Nikafunga sindano kidogo. Afadhali. Nikafunga tena, sauti ikawa safi na betri nikaondoa bila taabu. Wenzangu wakapiga makofi. Hapo ndipo kichwa kilipovimba. "Ongeza! Ongeza!" wakasema, nami nikafunga tena na tena. Injini ikalia kwa sauti nyembamba ya juu, tamu ajabu, hata jirani akachungulia. Baada ya muda mfupi sauti ikaanza kuzama yenyewe, kama mtu anayeishiwa na pumzi. Sikuigusa sindano. Nilikuwa nacheka. Ikasimama, kimya!

Tulipoifungua ikiwa imepoa, kijiwaya cha plagi hakikuwapo tena, na pistoni ilikuwa na mikwaruzo mirefu. Usiku ule sikula. Nilimpigia mjomba simu nikamwamkia na kumweleza yote. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Ilipokuwa inalia vizuri kuliko wakati wote, wewe ulifanya nini?"

"Niliendelea kufunga, Mjomba."

"Basi hapo ndipo ulipoiunguza."

Akanieleza. Unapopunguza mafuta unapunguza na oili, kwa kuwa vimo pamoja. Tena methanoli inapogeuka mvuke huipoza injini, hivyo ikipungua joto linapanda. Kwa kufunga mno, niliinyima injini chakula, kilainishi na maji ya kuoga kwa mkupuo mmoja. Alisema mafuta ya mbarika ndiyo yaliyoniokoa, kwani hushikilia chuma hata kikiwa moto sana. Bila hayo pistoni ingeganda humo ndani.

KUREKEBISHA KWA NJIA SAHIHI

Alinitumia plagi mpya kwa basi, na hivi ndivyo nilivyofanya, nanyi fanyeni vivyo hivyo.

Fungua mlango wa hewa wote, injini iwe katika kasi yake kubwa. Ukiwa nyuma, funga sindano kidogo kidogo, na kila mara ngoja sekunde chache usikie, kwa sababu injini haijibu papo hapo. Mguno utageuka kuwa sauti laini, na kasi itapanda. Utafika mahali ambapo ukifunga kidogo zaidi kasi haipandi tena. Hicho ndicho kilele. Usikae hapo! Rudi nyuma: ifungue sindano kati ya sehemu moja ya nane na robo ya mzunguko, mpaka usikie kasi inashuka kidogo, na moshi mwembamba unaonekana kwenye ekzosi.

Jaribu kwa kuubana mpira wa mafuta kwa vidole, kitambo kidogo tu, ukiwa nyuma ya rafadha. Kasi ikipanda kidogo kisha ukaachia, uko salama, una mafuta ya akiba. Ikishuka mara moja, mafuta hayatoshi. Fungua sindano. Ndege inapoinua pua kupaa, mafuta hupanda kwa shida zaidi, na akiba hiyo ndiyo itakayoiokoa.

Ikiwa injini ni mpya, iache igune na mafuta mengi kwa matangi ya kwanza, ikipumzika kila mara, mpaka vyuma vizoeane.

Ukimaliza, bana mpira injini ijizime, mwaga mafuta yaliyobaki, kisha tia matone ya oili na kuzungusha rafadha kwa mkono. Methanoli huvuta unyevu hewani, na unyevu huleta kutu.

Kwenye maonyesho ya sayansi ya shule yetu, niliiwasha mbele ya walimu na wanafunzi. Ilishika kwa pigo la tatu. Ndugu zetu wa Kidato cha Nne wakapiga kelele, "Ongeza, wewe! Unaogopa?" Nikanyoosha mkono kwenye sindano, nao wakashangilia wakidhani naongeza. Nilifungua. Injini ikaguna kidogo, ikatulia, ikaenda hivyo mpaka tangi likakauka. Hatukuwa wa kwanza, lakini jioni niliifunga kwenye kitambaa ikiwa nzima. Ile mikwaruzo bado imo ndani, na mjomba amesema iache.

Basi wenzangu, kila chombo kina sauti yake. Kisikilizeni kwanza kabla ya kuwasikiliza watazamaji. Kwaherini.